Nyama ya Swala Isikuozee Njiani: Kutoka Pori la Liwale hadi Jikoni Wakati wa Joto

Kila ikifika Oktoba, korosho zikianza kudondoka na mchanga wa Liwale ukichoma nyayo, napigiwa simu zilezile. Mtu kalipia leseni yake, kalala porini siku tatu, kapata kongoni kihalali, kaendesha gari usiku kucha hadi Nachingwea au Masasi. Anafika, mkewe ananusa paja mara moja tu na kusema: "Baba watoto, hii siitii chunguni mwangu."

Kwa nje nyama inapendeza. Mabega mazuri, mbavu nzuri. Ukikata paja mpaka kwenye mfupa ndipo unakutana na ukijani na harufu ya yai viza.

Mimi mwenyewe yamenikuta. Nilimbeba kongoni akiwa na ngozi yake, nimemtoa utumbo tu, nikamfunika turubai ili jua lisimpige. Saa tano za barabara ya vumbi. Mapaja yote mawili niliyafukia nyuma ya nyumba, mbwa wakayafukua usiku, na asubuhi mtaa mzima ulikuwa na habari.

Kosa langu lilikuwa kumwogopa jua na kumsahau mnyama. Swala akiwa hai ana joto la nyuzi 38 hadi 39 ndani ya mwili. Akifa, joto hilo haliondoki lenyewe. Limefungiwa na ngozi, manyoya na unene wa nyama. Juu ya hapo tumbo lenye majani linaendelea kuchacha na kuzalisha joto jingine na gesi. Bakteria wanaopenda joto la mwili wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa hiyo kila hatua iliyo hapa chini ina kazi moja: kulitoa joto lile nje, upesi, bila kuchafua nyama.

## Kwanza, swali la bastola

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama mtu anaweza kumwinda swala kwa bastola ya mzunguko, maana ni nyepesi na bunduki ndefu inachosha juani. Jibu langu ni hapana. Bastola mtu hupewa kibali cha kujilinda nayo. Leseni ya kuwinda ni jambo lingine kabisa, na silaha unayokwenda nayo porini lazima iwe imekubaliwa kwa kazi hiyo.

Hata ukiiweka sheria kando, nyama yenyewe inaikataa. Mtutu wa bastola ni mfupi, risasi yake haina nguvu ya ile ya bunduki ndefu, na kiganja chenye jasho hakitulii. Swala anapigwa tumboni au pajani, anaondoka. Unamfuata saa mbili, saa tatu, jua liko utosini.

Mnyama anayeanguka palepale misuli yake bado ina akiba ya sukari. Baada ya kufa akiba ile inageuka kuwa asidi, na asidi hiyo inawachelewesha bakteria. Aliyekimbia na jeraha ameshaichoma akiba yote. Nyama yake inakuwa nyeusi, inanata vidoleni, na inaharibika haraka hata ukiitunza kama yai. Gobore lina hasara hiyohiyo, na nadhani kila mtu wa kusini anamjua mzee aliyepoteza mnyama kwa sababu ya gobore.

## Vifaa: viweke tayari kabla hujaondoka nyumbani

Usiseme utanunua njiani. Duka la mwisho kabla ya pori huwa lina biskuti, sigara na betri.

- Visu viwili: kimoja cha ncha kali cha kupasulia, kingine cha mgongo uliopinda cha kuchunia. Na kinoo. Ngozi ya pofu, yule swala mkubwa, inamaliza makali ya kisu kabla hujafika nusu.
- Shoka dogo au msumeno wa mifupa. Panga linafaa, ila linaacha vipande vya mfupa ndani ya nyama.
- Kamba ya katani au manila, mita 15, na vipande vifupi vitano vya kufungia.
- Glavu za mpira, jozi nne au tano.
- Vitambaa safi vya pamba vya kufutia, angalau sita.
- Merikani au shuka la pamba la kufunika nyama dhidi ya nzi. Usitumie chandarua cha kulalia. Vingi vinavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo haitakiwi kwenye kitoweo.
- Magunia mawili ya katani, yaliyofuliwa na kuanikwa. Gunia lililowahi kubeba salfa ya mikorosho liache hukohuko shambani, hata kama umelifua mara tatu.
- Maji safi lita 20, ya kunawa mikono na kusafishia visu. Si ya kuoshea nyama. Sababu utaiona mbele.
- Chumvi kilo 3 na pilipili manga ya unga.
- Boksi la barafu lenye chupa za maji zilizogandishwa. Chupa zinashinda barafu ya vipande kwa sababu zikiyeyuka maji yanabaki ndani.

Karatasi zako ziwe mfukoni, si kwenye begi lililobaki kambini: leseni ya kuwinda na kibali cha silaha. Nendeni pamoja na askari wa wanyamapori kama utaratibu unavyotaka. Msimu unafunguliwa Julai, na kama huna haraka, nenda Julai au Agosti wakati wa kipupwe. Usiku wa Julai kule bara unakusaidia kupoza nyama bure. Oktoba na Novemba ni vita.

## Hatua ya 1: Chagua saa

Windeni kuanzia kunapokucha mpaka saa 3 asubuhi. Ikishapita hapo, rudini kambini mkalale chini ya mti.

Wapo wanaosema jioni ni bora kwa kuwa usiku wa baridi unafuata. Kwa mtu mwenye uzoefu na mnyama mdogo, sawa. Lakini ukimpiga saa 11 na nusu jioni akaingia kichakani, giza linakukuta bado unatafuta damu. Sheria inakataza kuwinda usiku, na mnyama anayelala na utumbo wake mpaka asubuhi ni wa fisi. Asubuhi una mwanga wa kutosha, na una muda wa kumaliza kazi kabla nyuzi hazijafika 33 au 35.

Chagueni pia ukubwa wa mnyama mnaoumudu. Mbawala, yule ambaye vitabu vinamwita pongo, watu wawili wanamaliza kazi kwa saa moja. Kongoni anataka watu watatu. Pofu dume anaweza kupita kilo 600; kwa joto la Novemba, bila watu watano na gari lililo karibu, mwacheni aende zake.

Lengeni nyuma ya bega, mahali pa mapafu na moyo. Kama amesimama vibaya, msipige. Risasi ikipita tumboni, majani yaliyochacha yanamwagikia minofu ya ndani, na hapo umeharibu sehemu laini kuliko zote kabla hujaanza kazi.

Ikienda sawa: mnyama ameanguka kabla ya mita mia moja, na saa yako bado haijafika 3.

## Hatua ya 2: Mfikie, mhakikishe, mchinje

Msogelee kwa upande wa mgongo, kamwe si kwa upande wa miguu wala pembe. Gusa jicho kwa kijiti kirefu. Akipepesa, bado yu hai.

Huku kwetu wengi ni Waislamu, na mnyama asiyechinjwa watu watamwita kibudu na hawatamgusa. Kwa hiyo mwenye kuchinja awe miongoni mwenu, awe karibu, na awe na kisu mkononi tangu mwanzo, si wa kwenda kuitwa kambini. Hukumu ya mnyama aliyekata roho kwa risasi kabla hajafikiwa kamuulize shehe wako kabla ya safari, ili porini kusizuke mabishano huku nyama ikiiva juani.

Kuchinja upesi kuna faida nyingine: damu inatoka. Damu iliyobaki mwilini ni chakula cha bakteria. Ila usidanganyike, moyo ukishasimama dakika kadhaa damu inayotoka shingoni ni kidogo. Nyingi utaikuta kifuani ukipasua.

Kisha mburuteni kivulini mara moja. Kichwa kiwe juu kidogo kuliko mapaja.

Tahadhari kubwa: ukikuta mnyama amekufa bila kupigwa na mtu, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma, usimguse wala usimpasue. Hiyo inaweza kuwa kimeta. Ugonjwa huu unaua watu, na ukimpasua mnyama unasambaza vijidudu vinavyoweza kukaa ardhini miaka mingi. Ondokeni, mtoe taarifa kwa askari na kwa ofisa mifugo.

## Hatua ya 3: Toa utumbo ndani ya nusu saa

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na wanaharibu kwa namna mbili: ama wanachelewa wakipiga picha, ama wanaharakisha wakatoboa tumbo.

Piga picha moja. Vaa glavu.

Mlaze chali, mtu mmoja ashike miguu ya nyuma. Anza kwa kuizungushia kisu njia ya haja kubwa kwa nje, kama unavyotoa kikonyo cha papai, mpaka iachie. Ivute nje kidogo, ifunge kwa kipande cha kamba. Ukiisahau hatua hii kinyesi kitamwagikia mapaja kwa ndani, na mapaja ndiyo nyama uliyoifuata.

Sasa bana ngozi ya tumbo chini ya kidari, inyanyue, toboa tundu dogo. Ingiza vidole viwili vya mkono wa kushoto, tengeneza umbo la V, kisu kikae katikati ya vidole makali yakitazama juu. Vidole vinasukuma utumbo chini, kisu kinapasua ngozi kwenda juu. Makali yakitazama chini, utatoboa tumbo kubwa, na ile harufu utaikumbuka mpaka Krismasi.

Pasua hadi kwenye nyonga. Kwa dume, zungusha sehemu zake za siri kando bila kukata kibofu. Kibofu kitafute, kishike shingo yake, kifunge, ndipo ukate.

Kisha panda juu kifuani. Pasua kiwambo kinachotenganisha tumbo na mapafu, ukifuata mbavu. Damu itamwagika hapo. Ingiza mkono hadi shingoni, shika koo la pumzi na koo la chakula kwa pamoja. Koo la chakula lifunge fundo kabla ya kukata, la sivyo majani yatarudi. Kata, kisha vuta vyote kuelekea nyuma. Kikinasa kitu, usitumie nguvu. Tafuta kinaponasa kwenye uti wa mgongo na ukate utando tu.

Mzee mmoja wa Kingindo aliyenifundisha kazi hii alikuwa akisimama nyuma yangu na kurudia neno moja: "Polepole, mwanangu. Polepole." Mimi nilikuwa natetemeka kwa pupa, na yeye hakuwahi kushika kisu kwa niaba yangu hata mara moja.

Kama tumbo limetoboka, usilie. Kata nyama yote iliyoguswa na majani, uitupe. Kuiosha kwa maji kunayatembeza majani yale mpaka kwenye nyama iliyokuwa safi.

Ndiyo maana nimesema maji si ya kuoshea nyama. Maji ya dimbwi yana uchafu wake, na hata maji safi yanaacha nyama na unyevu juu, na unyevu ule bakteria wanaupenda. Futa kwa kitambaa kikavu. Kikilowa, chukua kingine.

Ikienda sawa: tumbo la mwili ni jekundu safi na linang'aa, hakuna kijani, hakuna harufu zaidi ya damu mpya, na ukiingiza mkono unahisi mvuke unatoka.

## Hatua ya 4: Kagua kabla ya kula hata kipande cha ini

Watu wanapenda kuchoma ini palepale. Kagua kwanza.

Ini liwe laini, la rangi moja. Likiwa na vidonda vyeupe, vifuko vya maji au minyoo bapa ndani ya mishipa, liache. Mapafu yawe ya waridi na yabonyee kama sponji. Uvimbe mgumu wenye usaha mweupe au wa manjano unaweza kuwa kifua kikuu. Angalia tezi za shingoni na za kwenye mapaja. Tezi zilizovimba mwili mzima ni dalili kwamba mnyama alikuwa mgonjwa, na hapo uamuzi si wako: mwonyeshe askari uliye naye, na nyama isiliwe mpaka mtaalamu aseme.

Nyongo itoe kwa kuikata pamoja na kipande cha ini, isipasuke.

## Hatua ya 5: Chuna na ugawe

Kwenye nchi za baridi wanamtundika mnyama na ngozi yake siku kadhaa. Kwetu ngozi ni koti. Ivue.

Mtundikeni kwa miguu ya nyuma kwenye tawi imara. Kama hakuna mti wa kufaa, kateni matawi yenye majani mabichi, mtandike chini, mchuneni juu yake. Ngozi iviringishwe kwa nje unavyoshuka, manyoya yasiguse nyama. Mkono ulioshika manyoya usishike nyama. Hapa ndipo ile glavu ya pili na ya tatu zinapotumika.

Kisha gawanya: mikono miwili, mapaja mawili, mbavu, shingo, na sarara za mgongoni. Sarara za ndani, zilizolala chini ya uti wa mgongo, zitoe mapema kwani ni nyembamba na zinakauka.

Kwa mbawala au swala pala inatosha kugawa hivyo. Kwa kongoni, kuro au pofu, paja ni nene mno. Lipasue kwa ndani, ukifuata mfupa toka gotini hadi nyongani, ulifungue kama kitabu. Ukiona mvuke unatoka kwenye mfupa hata saa moja baada ya mnyama kufa, utaelewa kwa nini mapaja yangu yale yaliishia kwa mbwa. Mfupa ule utoe kabisa. Kwenye joto mfupa hauna faida yoyote kwako, ni uzito tu.

Mahali risasi ilipopita kata kiganja kizima kuzunguka tundu. Damu iliyovilia huoza kwanza, na vipande vya risasi na vumbi lake husambaa mbali kuliko unavyoona kwa macho.

Kichwa, pembe na ngozi msitupe kabla askari hajamaliza kuandika anachoandika.

## Hatua ya 6: Poza kwa upepo

Tundika vipande kivulini, kila kimoja peke yake, pawe na nafasi ya ngumi mbili kati ya kimoja na kingine. Vikigusana, mahali pale vinapogusana patabaki na joto na unyevu.

Tafuta upepo. Mpaka Oktoba kusi bado inavuma, kwa hiyo tundika nyama upande unaopokea upepo, si nyuma ya gari wala nyuma ya hema. Mwembe au mkwaju una kivuli kizito; miombo ya Oktoba mingine haina majani, na jua linahama. Kila baada ya nusu saa nenda kaangalie kivuli kiko wapi.

Funika kwa merikani kwa ulegevu, hewa ipite. Nyunyiza pilipili manga kwenye mikunjo na kwenye ncha za nyama nyekundu, nzi hawaipendi. Nzi akishataga, ndani ya siku moja una funza.

Ukiwa na maji ya kutosha, tumia ujanja wa mtungi. Loweka magunia ya katani, yakamue, yatundike upande unaotoka upepo, mbali kidogo na nyama, yasiiguse. Upepo unaopita kwenye gunia lenye maji unafika ukiwa wa baridi, kama maji ya mtungini yanavyopoa bila friji. Ikifika Novemba mwishoni, hewa ikiwa nzito kwa mvua inayokuja, ujanja huu unapungua nguvu sana, usiutegemee.

Saa mbili hadi tatu kwa mnyama mdogo. Zaidi kwa mkubwa.

Ikienda sawa: juu ya nyama kuna utando mkavu, mwekundu uliokoza, usionata kidoleni. Chomeka kidole kwenye sehemu nene kuliko zote: ihisi baridi kuliko kiganja chako. Ikiwa bado ya uvuguvugu, haijawa tayari kusafiri, hata kama dereva anapiga honi.

## Hatua ya 7: Amua, barafu au chanja

Hapa piga hesabu kwa ukweli. Je, utaifikia barafu ya kutosha ndani ya saa sita tangu mnyama alipoanguka? Ukiwa na boksi zuri na mbawala mmoja, ndiyo. Ukiwa na kongoni, gari bovu na mto wa kuvuka, hapana. Kama jibu ni hapana, anza kubanika leo, si kesho. Nyama iliyokwisha kuanza kunuka haiponi kwa chumvi wala kwa moshi.

### Ukienda na barafu

Kilo moja ya barafu kwa kila kilo moja ya nyama, na zaidi kama safari ni ndefu. Chupa zilizogandishwa chini, nyama, chupa tena, nyama, chupa juu. Nyama iwe imeshapozwa kwa upepo kwanza. Ukiingiza ya moto, unayeyusha barafu yote kabla hamjafika barabara kuu.

Usifunge nyama ya moto kwenye mfuko wa plastiki. Inatoa jasho, jasho linakaa, na mfuko unakuwa kikapu cha kuvundikia ndizi.

Zibua tundu la boksi njiani, damu na maji yatoke. Boksi likae mbali na bomba la moshi wa gari. Mkishuka mpaka Kilwa, Lindi au Mtwara, barafu ya wavuvi inapatikana sokoni, ila iwekwe ndani ya mifuko. Ile ya vipande huwa imeshalala na samaki.

Nyama isiyotosha ndani ya boksi itundikwe nyuma ya gari juu ya matawi, imefunikwa kwa merikani, upepo ukipita chini na juu. Turubai liache nyumbani. Safari iwe ya alfajiri au ya usiku, na karatasi ziwe mkononi kwenye kila kizuizi. Na kama jirani atakuuliza bei ya kilo, mwambie haiuzwi: nyama ya leseni ni kitoweo chako, biashara ya nyamapori ina vibali na mabucha yake.

### Ukibanika

Hii naipenda zaidi, kusema kweli. Nyama ya barafu inakutia wasiwasi mpaka mlangoni. Iliyobanikwa vizuri inakungoja wewe.

Kata nyama vipande virefu, unene wa kidole cha shahada, ukifuata nyuzi za nyama. Ondoa mafuta yote. Mafuta hayakauki, yanachacha. Kila kilo ya nyama ipate chumvi gramu 25 hadi 30, sawa na vijiko vinne hadi vitano vya chai vilivyosawazishwa. Isugue kwa mkono, iache saa moja kivulini, imwage maji yake.

Jenga chanja ya miti mibichi, kimo cha kiuno. Moto uwe wa makaa na moshi kidogo, usiwe wa ndimi. Siku ya kwanza moto uwe na nguvu kiasi kwamba huwezi kushikilia kiganja juu ya chanja kwa zaidi ya sekunde tano au sita, ili nyama iive kwa nje na ianze kukauka kabla nzi na bakteria hawajapata nafasi. Baadaye punguza. Geuza kila saa.

Maganda ya korosho usiyatie motoni. Najua yanawaka vizuri na yako kila mahali. Mafuta yake ni yaleyale yanayobabua mikono ya wabanguaji, na moshi wake unachoma macho na koo. Epuka pia mbao zenye rangi au dawa. Kuni zozote ngumu za pori, zilizokauka, zinatosha.

Usiku zima tamaa ya kulala wote. Mmoja akeshe na moto, kwa ajili ya nyama na kwa ajili ya fisi.

Ikienda sawa: baada ya siku moja na nusu hadi mbili, kipande kinakunjika, kinatoa mpasuko, na ndani hakuna wekundu wenye maji. Kilo tatu hadi nne za nyama mbichi zinakupa kama kilo moja kavu. Kikikatika kama kuni, umezidisha. Kinalika, ila meno ya bibi yatalalamika.

Iache ipoe kabisa kabla ya kuifunga. Kisha itie kwenye kapu au gunia safi, uitundike mahali pakavu. Kila wiki itoe juani nusu siku, uikung'ute, uwaangalie wale wadudu weusi wa nyama kavu.

## Hatua ya 8: Ukifika nyumbani

Nyama mbichi usiirundike kwenye friza kilo 30 kwa mpigo. Katikati ya rundo itabaki na joto siku nzima, na umeme ukikatika umerudi ulipotoka. Funga vifurushi bapa vya kilo moja moja, vitandaze, vikiganda ndipo uvipange.

Harufu ikikutia shaka, kata kipande kutoka kwenye sehemu nene, kitie kwenye maji yanayochemka, funika dakika tano, funua na unuse mvuke. Mvuke hausemi uongo kama nyama baridi inavyosema. Ukinuka vibaya, fukia nyama, na ufukie chini sana.

Ile kavu ioshe kwa maji moto, iloweke saa mbili au tatu, umwage maji ya chumvi. Ichemshe mpaka ilainike kabisa, ndipo uitie nyanya, kitunguu na tui jepesi. Tui zito liingie mwisho, moto ukiwa mdogo. Chumvi usiongeze mpaka uonje. Ugali wa muhogo uwe umeshasongwa, kwa sababu ukiifunua sufuria hiyo, hao waliokuwa wakikucheka kwa habari ya mbwa watakuwa wameshafika uani.